Honi ya Mofu

Mofu, 12 Septemba 2024

Kaka Faustin,

Shikamoo. Mimi mzima. Shangazi Balbina naye mzima, ila goti lake ni lile lile. Anakusalimu sana na anauliza huko Dar es Salaam unakula mchele wa wapi. Nikamjibu wa Mbeya. Kanuna mpaka jioni.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu intaneti ya hapa ni ya kupanda juu ya kichuguu na kuinua simu, na kwa sababu tangu ulipokuwa seminari mimi na wewe mambo ya maana tunaandikiana. Bahasha nitampa kondakta wa basi nikirudi Ifakara.

Shangazi ananiuliza kila siku hiyo kazi uliyonipa ni kazi gani. Nimemweleza: kabla mafundi wako hawajatengeneza mfumo, lazima mtu aje awaulize wenyeji wanataka ufanye nini, aandike, ili usije ukatengenezwa mfumo wa kutahadharisha mafuriko usiomtahadharisha mtu. Akaniangalia. "Kwa hiyo unalipwa kwa kuuliza?" Nikasema ndiyo. "Basi uliza vizuri," akasema, akaendelea kupepeta.

Nimefanya mikutano mitatu. Wa kwanza waliongea wanaume watupu. Mwenyekiti, mzee Egidius, anataka kila ujumbe wa simu uanze na jina lake. Nimeandika, ila ombi hilo nimeliweka chini kabisa. Wengine wote wameridhika na mpango wenu: vipima maji vikifungwa juu kule mito inakoshukia kutoka milimani, maji yakipanda, mfumo utume ujumbe kwenye simu za watu. Nikadhani nimemaliza.

Mkutano wa tatu niliwaita wanawake peke yao. Kuna mmoja anaitwa Domitila, mke wa Dionisi yule mvuvi mwenye mashamba karibu na mto. Alikuwa ananyonyesha, akanyoosha mkono.

"Dada, huo ujumbe utaingia kwenye simu ya nani?"

"Yako."

"Sina simu. Simu ni ya Dionisi, na Dionisi anashinda kijijini au mtoni. Mimi kuanzia Machi nahamia shambani na watoto, tunakaa kwenye dungu tunafukuza ndege. Huko hata angekuwa na simu mbili, mtandao hakuna. Sasa huo ujumbe utanifikiaje?"

Wote wakanigeukia mimi. Nikawauliza wao wangetaka nini. Wakasema kitu cha kulia. Kitu cha kulia kwa nguvu, kisikike mpaka mashambani, na kilie chenyewe, kisisubiri mtu mwenye simu asome kwanza ndipo aamue.

Kwa sasa wanakaa zamu. Masika yote, kila siku, watu wawili wanakaa pale mto unapokata kona, wakiona maji yamebadilika rangi wanagonga rimu ya gari. Wamechoka. Masika yaliyopita kijana wa zamu alichukuliwa na mamba, na mama yake alikuwepo kwenye mkutano.

Kwa hiyo nimeandika hivi: ujumbe usipopokelewa, honi ilie yenyewe. Mbele yake nimeandika LAZIMA, kwa herufi kubwa. Mengine yote unaweza kuyapunguza. Hilo usiliguse.

Mdogo wako,
Margareta


Dar es Salaam, 3 Oktoba 2024

Mdogo wangu Margareta,

Marahaba. Barua imefika, imenukia moshi wa jikoni kwa shangazi, nikaifungua taratibu kama mtoto.

Kazi yako ni nzuri. Nasema kweli, nimewahi kuwatuma watu wenye vyeti vingi wakarudi na maelezo ya mwenyekiti peke yake. Kuwaita wanawake pembeni ni akili. Ila nikufundishe jambo moja. Ukimuuliza mtu anataka nini, atataka kila kitu, tena chote lazima na chote leo. Kazi yetu ni kuchuja. Ukibeba kila mzigo unaopewa njiani hutafika.

Hilo la honi nimelielewa. Wafadhili nao wamelipenda mno, wanasema linaonyesha tumewasikiliza wananchi. Wametupa siku ya uzinduzi, katikati ya Desemba, na haisogei, kwa sababu wageni wao wameshakata tiketi. Nimemkabidhi Evod, fundi wangu wa programu niliye na imani naye kuliko wote. Vipaza sauti vinafungwa kwenye nguzo pale shuleni. Mwambie Domitila honi yake itakuwepo.

Jina la mwenyekiti kwenye ujumbe, haiwezekani. Mweleze kwa heshima.

Msalimie shangazi. Mwambie wa Mbeya nimeacha.

Kaka yako,
Faustin


Mofu, 16 Desemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Uliondoka na magari ya wageni hata hukuingia ndani kunywa maji, shangazi alikuwa amekuchinjia jogoo. Amekusamehe kwa sababu ya ile honi.

Sijui kama uliona yote. Mgeni rasmi aliposema "sasa tusikie," na ile sauti ikatoka, mbwa wote wa Mofu walikimbilia mtoni. Watoto walilia, kisha wakacheka, kisha wakataka irudiwe. Domitila alicheza na mtoto mgongoni, na Digna, binti yake wa kwanza, akawa anaigiza ile sauti mpaka jana mama yake kamtishia fimbo. Mwenyekiti anasema imesikika mpaka ng'ambo ya mto. Waliokuwa mashambani wameisikia, nimewauliza mmoja mmoja.

Sasa nina swali, na sio langu. Jana kulikuwa na mkutano wa kijiji. Walikuwa wanapanga zamu za masika kama kawaida. Dionisi akasimama. Yule bwana haongei sana. Akaniuliza mbele ya watu wote: "Dada Margareta, wewe ndiye uliyetuuliza tunataka nini, na tulichosema tumekiona. Sasa tuambie. Zamu tuendelee au tuache?"

Nikasema siwezi kujibu mpaka nikuulize wewe. Wanasubiri. Mfumo umepimwa kwa simu zisizopokea ujumbe? Yaani ile hali yenyewe, mtu yuko shambani, mtandao hakuna, honi inalia yenyewe? Nijibu kaka, ndiyo au hapana.

Margareta


Dar es Salaam, 27 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Heri ya Noeli, na samahani kwa kuchelewa. Mwisho wa mwaka hapa ofisini ni vurugu, na tumepata kazi nyingine kubwa ya mfumo wa tiketi za mabasi. Vijana wote wako huko.

Mfumo unafanya kazi, umeuona mwenyewe. Wafadhili wamepokea na wameridhika. Mambo ya zamu ni ya kijiji, sisi tusiwaingilie. Waamue wenyewe kwa jinsi wanavyoona. Wewe umemaliza sehemu yako, na umeimaliza vizuri.

Mpe shangazi pole ya jogoo. Pasaka nitakuja, nitakaa wiki nzima.

Faustin


Mofu, 2 Machi 2025

Mwanangu Faustin,

Salamu nyingi katika Bwana. Naandika mwenyewe, Margareta yuko Ifakara kwenye chumba chake cha Lumemo. Usicheke mwandiko wangu, masista walinifundisha kwa fimbo na bado ninaukumbuka.

Mpunga mwaka huu umeota vizuri, sijaona hivi tangu marehemu baba yako alipokuwa hai. Nimekuwekea gunia. Domitila jirani yangu ameshahamia kwenye dungu na watoto, na mimi nitamfuata ndege wakianza kuzidi, goti likiniruhusu.

Nilitaka kukushukuru. Mwaka huu zamu hakuna. Margareta aliwasomea barua yako mkutanoni, kwamba mfumo unafanya kazi, basi watu wakapiga makofi na ile rimu wakairudisha kigangoni iwe kengele ya misa. Wanaume wanalala majumbani mwao. Yule mama aliyefiwa na kijana wake kwa mamba amekuja kwangu kunishika mikono, akasema, mshukuru mwanao, hakuna tena mtoto wa mtu atakayepelekwa pale kwenye kona. Nikalia kidogo. Nilikulea bila kujua kwamba nawalelea watu wengi hivyo.

Njoo Pasaka kweli. Usiseme tu.

Shangazi yako,
Balbina


Mofu, 19 Aprili 2025, Jumamosi Kuu

Faustin,

Naona simu zako. Sipokei kwa sababu nikisikia sauti yako sitaweza kusema ninachotaka kusema. Nakuandikia.

Ilikuwa Jumanne mchana. Jua kali, anga safi, hata wingu moja hakuna. Mvua ilinyesha milimani, huku hatukuiona. Shangazi alikuwa bado nyumbani, goti lilimkataza, ndiyo maana yuko hai. Mimi nilikuwa naye, nilikuja kwa ajili ya wiki takatifu.

Ujumbe ulifika. Nataka ujue hilo kwanza, kwamba ulifika, kwenye simu yangu, ya mwenyekiti, ya kila mtu aliyekuwa kijijini. Niliusoma nikatoka nje kusikiliza honi. Watu wote walitoka nje. Tulisimama uani tukitazama upande wa shule, na mwenyekiti akawa anasema, "Subirini, italia sasa hivi."

Dionisi alikuwa mashineni anakoboa mpunga. Aliusoma. Aliniambia usiku ule kwamba aliweka simu mfukoni akasimama mlangoni, akajisemea honi itafika kwao kabla ya miguu yake. Watu wa mashineni wamenihakikishia, alisimama pale ameinua kichwa kama mtu anayesikiliza adhana. Alipoanza kukimbia, njia ya mashambani ilikuwa imeshakuwa mto.

Tumezika watu sita. Domitila tulimkuta jana amenasa kwenye matete, na mtoto mdogo akiwa amefungwa mgongoni kwa khanga mbili, alikuwa amemfunga vizuri sana. Digna hatujampata. Dionisi yuko kwenye mtumbwi tangu Jumatano, anamtafuta.

Kuna watu wanauliza kama umeme ulikatika. Nimepanda kwenye nguzo mwenyewe na fundi wa shule. Umeme upo. Vipaza sauti ni vizima, tulivipima kwa betri ya pikipiki vikalia kidogo, na wanawake walioko msibani wakapiga mayowe, tukaacha.

Honi haikulia. Kwa nini?

Margareta


Dar es Salaam, 24 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Nitasema kama ilivyo.

Ile sehemu haikutengenezwa. Ya kumtafuta ambaye hajapokea ujumbe na kuamrisha honi ilie yenyewe. Evod aliondoka Novemba, alipata kazi Nairobi, akaacha kazi imeanzwa tu. Siku ya wageni ilikuwa imefika. Nilikuwa na nguzo, nina vipaza sauti, nina kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Nikaandika ile sehemu kuwa ya awamu ya pili na wafadhili sikuwaambia. Wewe pia sikukwambia. Siku ile mgeni rasmi aliposema "sasa tusikie," nilibonyeza mimi, kwa simu yangu, mkono ukiwa mfukoni. Wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu unapiga makofi. Amri hiyo ilikuwa ya maonyesho tu, niliifuta siku ile ile.

Nilikusudia kuimaliza kabla ya masika. Naapa. Januari ikaja na kazi ya tiketi, nikasema Februari. Barua ya shangazi niliipata. Nilisoma kwamba zamu wameacha, nikakaa nayo mezani. Kila nilipoanza kumjibu niliona kwamba lazima niandike neno moja tu, rudisheni zamu, na kwamba nikiliandika mtaniuliza kwa nini. Sikuliandika. Nilijiambia mvua za mwaka huu ni ndogo.

Nimelia, Margareta, na sikwambii ili unihurumie.

Sasa kuna jambo. Wafadhili wanaleta wachunguzi. Watakuja kwako, kwa sababu mahitaji uliyakusanya wewe. Kampuni ikianguka, vijana wote hapa wanarudi mitaani na wana watoto. Wengine hawajui lolote kuhusu hili. Naomba useme kwamba baada ya uzinduzi tuliongea na kijiji na wakakubali honi ya kujiendesha isubiri. Kwamba lile neno lazima lilibadilika kuwa ikiwezekana. Hivyo vitu hubadilika katika kila mradi, hakuna atakayeshangaa. Ni neno moja tu. Halitamrudisha mtu, lakini litaokoa waliobaki.

Mimi ni kaka yako. Nakuomba.

Faustin


Mofu, 4 Mei 2025

Kaka,

Sijui nitakuita nini kingine, kwa hiyo bado nakuita kaka.

Wachunguzi walikuja, mama mmoja na kijana mmoja, wapole. Walikaa kwenye kibaraza cha shangazi. Niliwaeleza kila kitu. Niliwaambia neno lilikuwa lazima siku ya kwanza, likabaki lazima mpaka mwisho, na kwamba hakuna mtu wa Mofu aliyewahi kuulizwa kama libadilike. Niliwaambia pia kwamba barua yako ya Desemba niliisoma mkutanoni mimi, kwa sauti yangu. Ulipoandika mambo ya zamu ni ya kijiji, mimi nilisikia ndiyo. Nilitaka kusikia ndiyo. Nilikuuliza ndiyo au hapana, hukunijibu, na mimi sikuuliza mara ya pili. Nimesomea kuuliza, kaka.

Kabla ya kuwaambia wao nilimwambia Dionisi. Niliona sio haki asikie kwa mgeni. Nilimkuta ufukweni anaziba mtumbwi wake. Nikamwambia yote, na mkono wako mfukoni nikamwambia. Nilidhani atanipiga, na ningekaa anipige.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo pale mlangoni nilisimama kusubiri kitu ambacho hakipo."

Nikasema ndiyo.

Akasukuma mtumbwi majini, akanipa kasia. Tulizunguka kwenye matete mpaka jua likazama. Kesho yake nilienda tena. Sasa ni kazi yangu, naenda naye kila siku. Maji yanapungua polepole sana, na kila yakipungua tunapata pa kutafuta ambapo jana hapakuwepo.

Zamu zimerudi. Shangazi hakutaji. Gunia lako ameligawa msibani.

Margareta


Dar es Salaam, 24 Mei 2025

Margareta,

Kampuni imefungiwa. Kesi itakuja, wakili anasema mwezi wa tisa. Vijana wameondoka, ofisi nimerudisha funguo. Sikulaumu.

Nakuandikia kwa jambo moja. Tangu ile barua yako nimekaa ndani peke yangu nikaimaliza ile sehemu. Nimeitengeneza kwa mikono yangu, sijaitengeneza vizuri kitu chochote maishani kama hicho. Imeunganishwa. Ujumbe usipopokelewa honi italia yenyewe mpaka mtu wa kijijini aizime. Leo asubuhi nimeijaribu kutoka hapa, nimeona kwenye kompyuta kwamba imelia mpaka ikazimwa. Inafanya kazi. Waambie watu inafanya kazi sasa. Mwambie Dionisi.

Ni kitu pekee ninachoweza kuwapa.

Faustin


Ifakara, 28 Mei 2025

Faustin,

Barua yako imenikuta hospitali, hapa mjini. Shangazi amevunjika nyonga.

Asubuhi ile uliyoijaribu ilikuwa misa ya kuwaombea marehemu wetu. Kanisa ni dogo, tulikuwa nje, watu wote, na wa vijiji vya jirani. Padre alikuwa anasoma majina. Alikuwa amefika kwa Domitila.

Uliona kwenye kompyuta imelia mpaka ikazimwa. Ngoja nikuambie kilichoonekana huku. Watu waliinuka kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyetazama mto. Kinamama waliokota watoto, wowote waliokuwa karibu, wengine wakakimbia na watoto wasio wao. Wazee waliachwa. Mzee Egidius alipanda juu ya meza ya altare akaanguka nayo. Shangazi alisukumwa kwenye mtaro, watu watatu wakampita juu. Yule mama wa kijana aliyeliwa na mamba alikimbia mpaka msituni na hakurudi hadi jioni, walimkuta ameukumbatia mti, hawezi kuuachia.

Dionisi peke yake hakukimbia. Alibaki amesimama, kichwa ameinua. Ilipokuwa inaendelea kulia akaenda nyumbani kwa mwalimu akachukua shoka, akapanda ile nguzo, akakata nyaya zote. Kisha akashuka akaikata na nguzo yenyewe. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemzuia. Ilipoanguka alikaa juu yake akalia, kwa mara ya kwanza.

Ungeniuliza tu. Ungeuliza leo kuna nini huko Mofu, mnaitaka bado, mnaitaka lini. Umetengeneza kwa ajili yetu mara mbili sasa, na mara zote mbili ulikuwa peke yako chumbani.

Shangazi daktari anasema atakaa miezi. Akiamka ananiita kwa jina lako.

Margareta


Dar es Salaam, 5 Juni 2025

Ndugu Dionisi,

Mimi ni Faustin. Jina unalijua. Nimemwomba Margareta akupe barua hii mkononi na asikusomee, na kama hutaki kuisoma, basi.

Sikuandikii kuomba msamaha, kwa sababu najua ukiombwa utalazimika kufikiria jibu, na una mambo mengine. Wala sina cha kuleta. Kila nilichowaletea kimewaumiza.

Naandika kuuliza. Nilipaswa kuuliza muda mrefu uliopita. Je, unataka nije Mofu au unataka nisije kabisa? Ukisema nisije sitakanyaga. Shangazi nitamwona hospitali Ifakara nirudi. Ukisema nije, unataka nije kufanya nini? Chochote utakachosema ndicho nitakachofanya. Kama ni kusimama mbele ya watu, nitasimama. Kama unataka unipige, nitakuja peke yangu.

Nimeandika kile nilichoweza. Nasubiri.

Faustin


Mofu, 13 Juni 2025

Ndugu Faustin,

Barua nimeisoma mwenyewe.

Kukupiga nilitaka mwezi wa tano. Sasa sina nguvu hiyo. Kusimama mbele ya watu utasimama siku wao watakayotaka, hiyo sio yangu kuamua.

Umeniuliza nataka nini. Maji yamekauka hata kwenye yale mashamba ya chini, pamebaki tope la magotini, pana miba na chupa na kila kitu kilichobebwa. Huko mtumbwi haupiti. Ni kutembea na kupapasa kwa mikono. Dada yako amechoka, mkono umevimba, nimemkataza kuja. Ndugu zangu wamerudi kwenye kazi zao, siwalaumu. Nimebaki peke yangu.

Digna alikuwa amevaa gauni la kijani na hereni moja, nyingine aliipoteza Noeli. Ana miaka sita.

Njoo Jumamosi ya tarehe 21. Kompyuta iache. Vaa viatu virefu, na uje na nguo za kubadilisha, kwa sababu hatutamaliza siku moja.

Dionisi